Mama Mashavu, Aliyekataa Kumwaga Samaki

Ndugu wafiwa, majirani, walimu na wanafunzi wake wa zamani, wavuvi wa ziwani, na wageni wetu wa ofisi ya uvuvi mliokaa safu ya mbele, familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuata kwa kuzaliwa, niwasomee maisha ya dada yetu, aliyekuwa mke, mama na bibi, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Mashavu, na kabla sijaanza niseme kwamba marehemu aliacha agizo kuhusu maneno haya, yasifupishwe kwa ajili ya jua, yasipambwe, na yasimfanye mpole, kwa sababu mpole hakuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza kati ya watano, baba yetu akiwa fundi wa pampu za maji za mji, na mama yetu akiuza samaki sokoni, meza ya tatu kutoka bombani. Wakati huo samaki wa mashavu, ambaye vijana wengi mliopo hapa hamjapata kumwonja, alikuwa kitoweo cha kila nyumba, samaki mdogo wa urefu wa kiganja, mwenye mstari wa buluu ubavuni, asiyepatikana mahali pengine popote duniani isipokuwa katika ziwa hili lililo chini ya mji wetu, akiuzwa kwa mafungu kwa bei ambayo hata maskini hakuiogopa. Jina lake lilitokana na jike, ambaye hubeba mayai yake mdomoni, na yakianguliwa huendelea kuwabeba watoto humo humo mpaka waweze kujitegemea, na siku zote hizo mashavu yake hutuna kama ya mtu anayepuliza moto.

Dada yetu alikuwa bado hajaanza shule siku alipomwona mama akipasua samaki jikoni, na visamaki hai vikamwagika kutoka mdomoni mwa jike yule hadi kwenye beseni, naye akauliza huyu mama yao anakulaje na mdomo umejaa, mama akamjibu bila kuinua macho, "Hali. Anawangoja." Sisi wadogo zake tulikua tukiisikia habari hiyo mara kwa mara, maana dada aliisimulia kama watu wengine wanavyosimulia walivyonusurika ajalini.

Alisoma shule ya msingi iliyo karibu na ziwa kuanzia mwaka 1965, akaendelea na sekondari ya wasichana, ambako alifaulu sayansi zote, na alipofika kidato cha nne mwalimu wa taaluma alimshauri akasomee ukatibu muhtasi, kwa kuwa mikono yake ilikuwa myepesi na sura yake ilifaa kukaa mapokezini. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akajaza fomu ya chuo cha uvuvi, akawa msichana peke yake darasani, akahitimu diploma yake mwaka 1979, na picha ya mahafali inamwonyesha amekunja uso, kwa sababu, alivyotueleza, mpiga picha alimwambia asogee pembeni asiwazibe wahitimu.

Mwezi Februari 1980 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa samaki, lile jengo refu la bati jekundu ambalo sasa ni ghala la simenti, akaanza kama fundi sanifu wa maabara, kazi yake ikiwa kupima maji, kupima samaki na kutunza matangi ya vioo, na kwa miaka kumi na sita harufu ya ziwa haikumtoka mikononi, hata alipopaka mafuta mazuri kwa ajili ya harusi za watu. Hapo kituoni ndipo alipokutana na shemeji yetu, fundi umeme wa hospitali ya wilaya, aliyeitwa kuja kutengeneza pampu ya hewa, akaitengeneza, wiki iliyofuata akaitwa tena, akaitengeneza, na alipoitwa mara ya tatu akagundua kwamba waya haukuwa umekatika, ulikuwa umechomolewa. Marehemu hakuwahi kukiri wala kukana, walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1983, na shemeji anasema pampu ile haikuharibika tena mpaka kituo kilipofungwa.

Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kwanza wa kike, aliyezaliwa mwaka 1984, ambaye leo ni muuguzi, na wa pili wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1987, ambaye leo ni dereva wa malori, na wajukuu watano ambao wote walijifunza kubadilisha maji ya tangi kabla ya kujifunza kufunga kamba za viatu.

Sasa tuingie katika sehemu ya maisha yake ambayo wengine mmekuja kuisikia, na wengine huenda mngependa tuiruke. Katika miaka ile waliingizwa ziwani samaki wakubwa wa kigeni, kwa nia ya kupata minofu ya kuuza mbali, samaki ambao watu waliwabatiza jina la Bwana Mkubwa, kwa sababu walikula kila kitu na hakuna aliyewauliza, na upande wa pili kiwanda cha ngozi kikaanza kumwaga maji yake meusi kwenye mto unaoingia ziwani. Mashavu walipungua sokoni, wakawa wa kutafutwa, kisha wa kusimuliwa, na ilipofika mwaka 1991 mama yetu alifunga meza yake akasema hana cha kuweka juu yake. Dada na wenzake walizunguka ziwa lote na nyavu, wakawapata wachache katika ghuba ya matete upande wa mawe, wakawaleta kituoni, wakawazalisha ndani ya matangi, na kwa muda mrefu matangi yale yalikuwa ndiyo makao pekee ya samaki wa mashavu tuliyokuwa na hakika nayo.

Mwezi Septemba 1996 ikaja amri ya kubana matumizi, kituo kifungwe, meza na viti vipigwe mnada, na viumbe hai vilivyomo kwenye matangi vimwagwe. Neno lenyewe lilikuwa hilo, vimwagwe. Marehemu alipanda ngazi hadi ofisi ya mkurugenzi, mtu ambaye hakuwa mbaya, na ambaye tayari alikuwa amefunga vitabu vyake kwenye maboksi, akamwomba muda tu wa kutafuta mahali, naye mkurugenzi akamwambia kwa sauti ya kumtuliza, "Mama, tusisumbuane, hao ni samaki tu." Dada akamjibu, "Na wewe ni mkurugenzi tu, lakini ukiondoka wewe wataleta mwingine. Hawa wakiondoka wataletwa kutoka wapi?" Mkurugenzi akanyamaza, akaendelea kufunga boksi lake, na dada akauchukua ule ukimya kuwa ruhusa, ingawa alijua fika kwamba haukuwa ruhusa.

Asubuhi iliyofuata, mbele ya mlinzi na kila aliyekuwa akipita barabarani, walianza kuhamisha samaki, shemeji akibeba pampu na betri, dada akibeba ndoo zenye vifuniko, na gari lilikuwa la jirani yetu muuza nyama, yupo hapa, ambaye alipoambiwa mzigo ni wa haraka na una uhai hakuuliza zaidi, akashusha mapaja ya mbuzi na kuwapisha samaki. Makochi yalitolewa sebuleni yakapangwa barazani, matangi yakawekwa ukutani kote, na yaliyobaki yakaingia bafuni, hata familia ikawa inaoga nyuma ya nyumba kwa ndoo.

Mama mkwe wake alipofika kutembea wiki hiyo, akafungua mlango wa bafu, akatazama, akaufunga, akamgeukia mwanawe akamuuliza, "Baba, hivi umeoa au umechimba bwawa?" Kwa siku kadhaa hakuzungumza na mkamwana wake, mpaka siku alipomwona jike akifungua mdomo na watoto wakatoka kujaribu maji, kisha kivuli kikapita, na wote wakarudi mdomoni kwa mkupuo mmoja, naye yule bibi akavuta kiti, akakaa mbele ya kioo mpaka chai ikapoa, na tangu siku hiyo nyumba ile ilikuwa na mlinzi. Maofisa walipokuja kudai mali ya umma, ni yeye waliyemkuta amekaa katikati ya mlango na kanga yake imekazwa kiunoni, akawaambia, "Piteni, wanangu, mkawabebe. Ila kwanza mniambie wanakula nini na wanakula saa ngapi." Wakatazamana, wakaomba maji ya kunywa, wakapewa, wakaenda zao.

Hata hivyo mambo hayakuishia mlangoni. Mwezi Machi 1997 marehemu aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya ofisi ya uvuvi, katika chumba kirefu chenye mapazia ya kijani na jagi la maji ambalo hakuna aliyemmiminia, akaulizwa kama alichukua mali ya ofisi bila idhini. Angeweza kusema aliwahifadhi kwa muda, na mjumbe mmoja aliyemhurumia alimtupia neno hilo mara mbili alidake, lakini dada alikataa kulidaka, akasema, "Nilichukua mlichoamuru kimwagwe. Kama kilikuwa mali, mliagizaje kimwagwe, na kama kilikuwa taka, mnanidai nini?" Akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo, bila mafao, na alipotoka nje alimkuta shemeji amemsubiri kwenye baiskeli, wakapita sokoni kununua chakula cha samaki, wakarudi nyumbani.

Tusiwafiche, maisha yalikuwa magumu, na wapo ndugu, nikiwemo mimi, tuliomwambia aachane na mambo haya ajijenge kama watu wengine, naye alitusikiliza kama alivyomsikiliza yule mwalimu wa taaluma. Alipata kazi ya kufundisha biolojia katika sekondari ya kutwa, akaifanya tangu mwaka 1998 hadi alipostaafu mwaka 2017, na hakuna mwanafunzi aliyepita mikononi mwake bila kushika ndoo. Yalijengwa matangi mengine nyuma ya maabara ya shule, yakaanzishwa mengine nyumbani kwa wazazi wa wanafunzi waliokubali, kwa sababu, alivyosema, nyumba ikiungua watu hawapaswi kuwa wote chumba kimoja.

Mwaka 2004 uliingia ugonjwa wa ukungu mweupe, samaki wakaanza kuelea alfajiri baada ya alfajiri, dawa ikagoma, matangi ya shule yakaisha, ya wazazi yakaisha, na katika nyumba yake wakabaki madume kadhaa na jike mmoja, naye jike huyo ana mayai mdomoni, mwembamba kama jani, maana hali. Mwanawe wa kiume, wakati huo kijana wa sekondari, alimkuta mama yake amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya tangi, akamuuliza, "Mama, na huyu akifa?" Marehemu akamjibu bila kugeuka, "Na asipokufa?" Kijana akaenda kuchota maji. Yule jike hakufa, aliwaachia watoto wake kwenye maji safi, akala siku ile ile kwa pupa, na mashavu wote mnaowaona leo majumbani na shuleni, wote bila kubakisha, ni kizazi cha jike yule mmoja na watoto wale.

Baada ya hapo dunia ikapata habari. Walikuja wataalamu kutoka mbali, wakapiga magoti sebuleni kwake na tochi zao, wakaandika, wakamsifu, na ofisi ile ile iliyomfukuza ikachapisha picha ya mashavu kwenye kalenda yake, ikampelekea mwaliko wa kusimama jukwaani nyuma ya wasemaji. Hakwenda. Alimwambia mjumbe aliyeleta mwaliko, "Waambie nashukuru. Nitakuja siku mtakayowarudisha ziwani, na siku hiyo mimi nitasimama mbele."

Kwa maana hilo ndilo lilikuwa lengo lake tangu mwanzo, hakutaka samaki wa sebuleni, alitaka samaki wa ziwani. Kiwanda cha ngozi kilikuwa kimefungwa baada ya watu wa mji huu kuandamana, na marehemu alikuwa mstari wa mbele na kiatu kimoja kimekatika, Bwana Mkubwa naye alikuwa amevuliwa mpaka amekuwa bwana mdogo, na maji ya ghuba ya matete yalipopimwa, na wataalamu wenye vyeti, yalionekana yanafaa. Mwenyekiti wa wavuvi na wenzake walikubali kuizungushia ghuba ile miti na kutotupa nyavu ndani yake, jambo lililowagharimu, na tunawaheshimu kwa hilo. Kilichobaki kilikuwa kibali cha ofisi ya uvuvi. Marehemu alikiomba mwaka 2015, akaambiwa utaratibu unatungwa, akakiomba tena, akaambiwa mhusika yuko semina, akakiomba tena, akaambiwa faili liko kwa mhusika mwingine, akakiomba tena, akaambiwa aanze upya.

Mwaka 2021 alianza kuvimba miguu, ikagundulika kuwa figo zake zote mbili zimechoka, akaanza kusafishwa damu katika hospitali ya rufaa, mara mbili kwa wiki, akiwaambia wauguzi kwamba kazi hiyo anaifahamu, kutoa maji machafu na kurudisha masafi, na kwamba mashine yao inapiga kelele kuliko za kwake. Daktari wake alimsihi apumzike, naye alimwahidi atapumzika, na sote tulijua ahadi ile ilikuwa ya namna gani.

Na hapa, ndugu zangu, nasoma jambo ambalo marehemu aliagiza lisomwe leo na si kabla ya leo. Mwezi Aprili 2022, asubuhi jua limeshawaka, dada yetu alibebwa kwenye kiti cha plastiki hadi kwenye boti ya mwenyekiti wa wavuvi, akiwa na mumewe, wanawe wote wawili, na nusu ya samaki wote aliokuwa nao, nusu nyingine ikibaki nyumbani na shuleni kwa tahadhari. Walipofika kwenye miti ya ghuba shemeji alisita, akamwambia, "Mke wangu, tungekingoja kibali kidogo." Marehemu akamwambia, "Kibali hakiumwi. Mimi naumwa." Akaomba ndoo ya kwanza, akakataa kusaidiwa, akaiinamisha taratibu mpaka maji ya ndoo na maji ya ziwa yakawa sawa, akangoja, na samaki wakatoka wenyewe, mmoja mmoja, wakaingia katikati ya mawe. Binti yake anasema mama hakulia wala hakucheka, alisema tu ndoo nyingine.

Basi wageni wetu wa ofisi ya uvuvi, msishtuke, kibali hakikuja lakini samaki wako ziwani, karibu miaka miwili sasa. Mwezi Novemba mwaka jana mwenyekiti wa wavuvi alifika wodini, alikokuwa amelazwa kwa siku chache, na simu yake, akamwonyesha marehemu picha aliyoipiga pale ghubani, jike wa mashavu ametuna, na pembeni yake wingu la watoto wasiozaliwa kwenye kioo chochote. Marehemu aliitazama kwa muda mrefu, akairudisha, akasema, "Imetikisika. Kapige nyingine." Mwenyekiti alikwenda, akapiga nyingine, akairudisha siku ya pili, na binti yake, aliyekuwa zamu, anasema ile ya pili mama hakuitoa mkononi mpaka simu ikazima. Kama kuna sheria iliyovunjwa, aliyeivunja yuko hapa mbele yenu, na sisi wengine wote tulimsaidia, majina yetu mnayo, na tunapoishi mnapafahamu.

Hali yake ilibadilika mwishoni mwa Januari, akalazwa tena, na Jumanne tarehe 6 Februari 2024, mchana, akiwa na mumewe kitandani na wanawe pembeni, aliuliza kama umeme upo nyumbani, akaambiwa upo, akafumba macho, na hakuyafumbua tena. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Tumepokea pia barua yenu ya rambirambi, wageni wetu wa ofisi ya uvuvi, tunaishukuru, pamoja na aya yake ya mwisho, inayosema kwamba sasa samaki waliobaki wakabidhiwe ofisi kwa uangalizi. Familia ilikaa jana, ikalijadili, na jibu letu ni hapana. Watabaki kwa binti yake na kwa wanafunzi wa shule ile, kila mwaka wengine watapelekwa ghubani, na tunawaomba, kwa heshima zote, mje na vifaa vyenu mpime, mje na walinzi wenu mlinde ghuba, mje hata kesho, mlango uko wazi kwa kuja kuwaona. Kwa kuja kuwachukua haupo wazi, na hautakuwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya rufaa waliompigania hata alipowagombeza, fundi wa mashine za figo aliyevumilia ushauri wake, majirani waliotupa umeme kutoka kwao kila wetu ulipokatika, muuza nyama na gari lake, walimu wenzake, wanafunzi wake waliotoka mbali kuja kumzika, wavuvi waliokosa kuvua ili ghuba ipumue, na wale wafanyakazi wa zamani wa kituo, akiwemo aliyekuwa mkurugenzi, ambaye amekuja leo akitembea kwa fimbo, akakaa nyuma, na ambaye aliomba nimtaje kwa maneno yake mwenyewe, kwamba siku ile alinyamaza makusudi. Dada angekubishia, mzee wetu, lakini angekupa kiti.

Mama Mashavu, dada yetu, kazi uliyoambiwa ni bure umeifanya mpaka mwisho, na mengine yaliyobaki ni yetu. Umechoka kihalali. Lala.